Namba ya Jana

Fundi waliyemwita Kichwa hakuona haya kujisifu. Dukani kwao watu walileta kanda kuukuu zihamishiwe kwenye kompyuta, na programu ya kusafisha sauti aliiandika mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Kwa hiyo dada yake mkubwa alipoleta kanda pekee yenye sauti ya marehemu baba yao, alimpokea kwa mbwembwe.

"Hapa umefika, Dada. Utamsikia kama amekaa kwenye kile kiti."

Umeme ulikuwa umekatika alfajiri. Uliporudi tu, kanda ikaanza kusomwa. Dada akaomba asikilize kidogo.

"Saa hizi ni mikwaruzo mitupu. Ngoja nimsafishe, umsikie anavyostahili." Akazima spika.

Dakika arobaini kanda ilizunguka kimya. Ilipofika mwisho, mashine ikaitafuna. Utepe ulikunjamana, ukakatika vipande vipande, na unga wa kahawia ukamwagika mezani. Dada akashika mdomo.

"Usiwe na wasi, ameshaingia wote," Kichwa akasema. "Yumo kwenye memori, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Programu ikimaliza kumsafisha, itamhifadhi kwenye diski. Robo saa tu."

Kompyuta yao ilikuwa moja, ikihudumia meza mbili. Kwenye meza ya pili mpiga picha wa duka alikuwa amefungua programu yake ya video tangu umeme uliporudi, na sasa alimimina humo harusi nzima, saa nne za picha. Kishale kwenye skrini ya Kichwa kikaanza kujikokota.

"We Picha, umefungua nini?"

"Harusi. Bibi harusi ana ukoo kama jeshi, nifanyeje?"

"Funga! Memori inajaa!"

"Nafunga, haifungiki. Funga wewe mwenye kichwa!"

Kichwa akabonyeza, akabonyeza tena kwa ngumi. Kibodi ilikuwa kama kipande cha ubao.

"Ikijaa inakuwaje?" Dada akauliza.

"Kompyuta inachagua programu moja nene, inaiua ili nyingine zipumue."

"Ya Baba ni nene?"

"Nene sana. Lakini nimeikinga, Dada, mimi si mtoto. Kila programu ikifunguliwa hupewa namba, kama wagonjwa kwenye foleni. Jana wakati wa majaribio niliweka amri ijirudie kila saa: namba 2140, ya programu yangu, isigus..."

Jana. Umeme ulipokatika programu zote zilizimika, amri ikabaki kwenye diski, na asubuhi kila programu ilipewa namba mpya. Orodha ya programu na namba zake ilikuwa bado inasomeka kwenye skrini iliyoganda. 2140 ilikuwa video ya harusi. Baba alikuwa 2163.

"Nini?" Dada akamvuta shati. "Sema!"

"Nimemkinga mwingine."

"Basi badilisha!"

"Haisikii, Dada. Haisikii kitu."

"Izime!"

"Nikizima, naye anapotea."

Yeye aliyejua kila waya mle ndani alisimama mikono ikining'inia kama ya mgeni. Mpiga picha naye alisimama, kofia kifuani. Dada akaweka kiganja juu ya kompyuta, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Ilikuwa ya moto. Kitaa chake chekundu kiliwaka bila kupepesa. Dakika sita wakakitazama.

Halafu kishale kikaruka, chepesi kama zamani. Kwenye skrini ya Kichwa kulikuwa na mstari mmoja: *2163 imeuawa.*

Kwenye meza ya pili harusi ikaendelea. Baba wa bibi harusi alishika kipaza sauti, akakohoa kidogo. "Mwanangu," akaanza.

Mpiga picha akarukia kitufe cha sauti. "Samahani, Dada. Samahani sana."

"Mwache aseme," Dada akasema.

Mzee akasema yake mpaka mwisho, watu wakampigia makofi. Dada alikuwa akiukusanya ule unga wa kahawia kwa ukingo wa kiganja, akiutia kwenye bahasha pamoja na vipande vya utepe.

"Baba alikuwa anasema nini?" akauliza, bila kuinua macho. "Dakika zote zile arobaini. Hata neno moja hukulisikia?"

Kichwa aliitazama spika.

"Nilikuwa nimeizima," akasema.