Urithi wa Godlisten

Aikaeli aliambiwa akae kimya. Barua ya chuo ilieleza kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kumpa moyo, ila mtu huyo hana ruhusa ya kusema. Basi akaketi kando ya binti yake Haika, sare ya kituo cha wazee anakofanya kazi ikichungulia chini ya koti, mkoba ameukumbatia. Ng'ambo ya meza alikaa Dokta Nishma, mwalimu wa kompyuta aliyeongoza kikao, pamoja na karani aliyekuwa akiandika kila neno.

"Haika, unajua kwa nini tumekuita?" Dokta Nishma aliuliza kwa upole.

"Najua. Mnasema nimeiba."

"Hatukutumia neno hilo."

"Mmeandika nimechukua kazi ya mwanafunzi mwingine bila ruhusa. Mwulize mama yangu hapa, kwetu hilo linaitwaje."

Mwanafunzi mwingine. Aikaeli aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Huyo mwingine alikuwa Godlisten, kifungua mimba wake, aliyekuwa akisomea kompyuta chuo kikuu hikihiki, ambaye pumu ilimkaba akiwa mwaka wa pili, na ambaye sasa amelala kijijini kwao Marangu, kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, cha babu yake.

Chuo kikuu hicho ni kimoja kwa jina tu. Ndani yake kuna vyuo vingi vilivyotawanyika London, kila kimoja na mkuu wake, ofisi zake na geti lake. Godlisten alikuwa kile cha karibu na mto. Haika alipofuata masomo yaleyale ya kaka yake, alipangwa kingine, kaskazini ya mji. Mwaka wake wa kwanza, siku ya kumbukumbu ya kaka yake iliangukia kwenye mtihani, akaomba asogezewe. Ofisi ikamjibu kwamba haina habari za kifo hicho, marehemu alikuwa wa chuo kingine, alete vyeti. Aikaeli akapiga simu mwenyewe. Chuo cha mtoni wakamwambia faili limefungwa, na wao hawaongei na wenzao wa kaskazini kuhusu mambo ya mwanafunzi. Alirushwa huku na huku, akisimulia kifo cha mwanawe kwa kila aliyepokea simu, mpaka akaona kama anamzika upya. Mwishowe Haika aliufanya mtihani ule macho yamevimba.

Lakini Haika alipowasilisha kazi yake muhula huu, mashine yao ya kukagua udanganyifu haikuomba cheti kwa mtu. Ilipenya kuta za vyuo vyote, ikaingia mpaka kwenye kazi za Godlisten, ikarudi na jina lake.

Kumbe mnaongea, Aikaeli aliwaza. Kumbe mkitaka, mnaongea.

"Kipande hiki cha programu umekipata wapi?" Dokta Nishma aliuliza.

"Kwenye kompyuta ya kaka yangu."

"Ulikichukua lini?"

"Sikukichukua, nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

Haika akamgeukia mama yake, kama anayejiuliza aanzie wapi. Waliporudi kutoka kuzika, ndugu wote waishio London walikusanyika kwenye fleti yao ya Woolwich kuanua matanga. Elifuraha, mdogo wa marehemu mume wa Aikaeli, alikuja kutoka Thornton Heath akasimama katikati ya sebule, vitu vya Godlisten vimepangwa juu ya mkeka. Alikuwa akiinua kimoja kimoja na kutaja wa kukichukua. Viatu vilienda kwa binamu, saa ikaenda kwa mjomba. Alipofika kwenye kompyuta akasema: "Hii, na vyote vilivyomo, ni ya Haika. Asitokee mtu wa kumuuliza." Sebule nzima ikaitikia. Kwao hakuna muhuri mkubwa kuliko huo.

Haika alieleza yote kwa Kiingereza chake cha Woolwich, haraka haraka, mikono ikicheza hewani.

"Kifaa unaweza kukirithi," Dokta Nishma alisema. "Kazi ya kitaaluma ni jambo jingine."

"Sasa hiyo kazi ni ya nani, Dokta? Mwenyewe hayupo. Mimi mnanikatalia. Ni yenu?"

Karani aliacha kuandika, kisha akakumbuka kuendelea.

"Tuangalie ushahidi," Dokta Nishma alisema, akawasha skrini ya ukutani. Kazi mbili zilikaa sambamba, ya Haika kushoto, ya Godlisten kulia, na mistari inayofanana imepakwa njano. Ilikuwa programu ya kupanga zamu za wafanyakazi. "Hata majina ya ndani yanalingana. Hayawezi kuwa bahati. Kwa mfano hili hapa, linalotumika kumwondoa mfanyakazi asipewe zamu nyingine."

Aikaeli akasoma. *mama_amechoka*.

Akasoma tena. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani, akijitupa kwenye kiti, akiwatukana wapanga zamu waliomtoa zamu ya usiku na kumrudisha asubuhi. Godlisten alikuwa akila wali na kumtania: "Mama, ngoja nikuundie bosi asiyesahau." Alidhani ni maneno ya utani tu. Hakuwahi kujua kwamba mtoto alikwenda akamuunda kweli.

"Ningekuwa mwizi ningebadilisha majina," Haika alisema. "Nimeyaacha kwa sababu ni ya nyumbani kwetu. Yaliyobaki yote nimeandika mwenyewe."

"Huyo mama ni mimi!" Aikaeli alisema kwa Kiswahili, akasimama. "Mmelificha neno hili la mwanangu tangu afe, hakuna aliyeniita kunionyesha. Leo mmelitoa, mnampigia nalo mdogo wake! Hamna haya?"

"Mama, please," Haika alinong'ona.

"Mama amesemaje?" Dokta Nishma aliuliza.

"Amesema... ameumia."

"Sikusema nimeumia! Usinipunguzie maneno, Haika. Waambie hawana haya."

Haika akatafsiri. Dokta Nishma alishusha macho, lakini alipoyainua alirudi palepale kwenye sheria. Akasukuma karatasi mbele ya Haika. Akisaini kwamba alitumia kazi ya mtu bila ruhusa, atapata sifuri kwa kazi ile na mambo yataishia hapo. Asiposaini, shauri litapanda kwenye kamati ya chuo kikuu kizima, na kamati hiyo ina uwezo wa kumfukuza.

Hasira ya Aikaeli iligongana na woga. Alitaka kumwambia mtoto asaini, wapande basi warudi nyumbani. Alishapeleka mmoja Marangu, huyu abaki na masomo yake.

Kabla hajasema, Haika alishika kalamu. Akafuta maneno "bila ruhusa" kwa mstari mmoja mnene, juu yake akaandika: *bila kutaja jina la kaka yangu*, kisha akatia saini.

"Kosa hilo nimelifanya," alisema. "Nilipaswa kumtaja, nipeni sifuri. Lakini sikumwibia Godlisten. Kama mnayataka yale maneno 'bila ruhusa' yarudi, nipelekeni kwenye kamati."

"Fomu haibadilishwi," karani alisema.

"Sasa imebadilishwa."

Dokta Nishma aliisoma karatasi, akaisoma tena. Kisha akachukua kalamu yake, akatia saini chini ya ile ya Haika. "Andika hivyo," alimwambia karani. "Hakumtaja mwandishi. Sifuri kwa kazi hii, anaendelea na masomo." Akamgeukia Aikaeli. "Mama, pole kwa msiba."

"Leo ndiyo mnaniambia?" Aikaeli alimjibu, kwa Kiingereza, ili asihitaji mkalimani.

Karani alinyoosha mkono kwenye swichi ya skrini.

"Usizime."

"Kikao kimekwisha, mama."

"Mama, iko nyumbani," Haika alisema taratibu, akimgusa bega. "Nitakuonyesha yote."

"Ya nyumbani utanionyesha. Hii ni ile waliyoifungia, wakaja kuitoa ili wakushtaki nayo." Aikaeli alizunguka meza, akasimama mbele ya ukuta, uso wake ukapata rangi ya njano ya skrini. "Wangoje. Sijamaliza kusoma."

Akaanza tangu mstari wa kwanza wa upande wa kulia, akisoma polepole, na wao wakangoja.