Kibali Kilichoishia Angani

Mbwa alisimama ghafla. Mwanamke naye akasimama, akanyoosha mguu wa kulia taratibu mpaka ncha ya kiatu ikagusa ukingo wa chuma. Ngazi. "Vizuri," akamwambia mbwa, akashika reli, wakashuka hatua kwa hatua, abiria wa nyuma wakilazimika kupunguza haraka zao. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na lami ya uwanja haikuwa imepata joto.

Kule hospitali alikofanya kazi walimwita Sentrali, na jina lilikuwa limeshamganda hata nyumbani. Kwa miaka kumi na minane alikaa mbele ya mtambo wa simu akiunganisha wadi na maabara, mochwari na familia. Macho yalimzimika akiwa na umri wa miaka tisa. Kazini alisindikizwa na mdogo wake, na siku mdogo wake alipougua au kupata udhuru, Sentrali hakufika kazini. Faili lake lilikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ingekuwa ya kumwachisha. Kwa hiyo shule moja ya ng'ambo ilipokubali kumfundisha kwa wiki tatu na kumpa mbwa mwongozaji bila malipo, hakuuliza mara mbili. Jumatatu saa moja kamili alitakiwa awe kwenye kiti chake. Leo ilikuwa Jumamosi.

Afisa wa uhamiaji aligonga muhuri bila maneno mengi. "Huyo mbwa apitie mifugo," alisema, akanyoosha kidole, kisha akakumbuka, akaongeza: "Kule."

Kule kulikuwa ni chumba kimoja mwishoni mwa ghala la mizigo. Sentrali alikitambua kwa harufu ya dawa ya kuulia vijidudu na kelele za vifaranga waliofungwa kwenye makasha. Afisa mifugo alikuwa kijana, kwa sauti yake, na mwenye adabu. Alimvutia kiti, akapitisha shingoni mwa mbwa kifaa cha kusomea chipu iliyo chini ya ngozi, mpaka kikatoa mlio mmoja.

"Namba ni ileile. Chanjo ipo. Majibu ya damu yapo. Dada, karatasi zako safi kabisa. Wengine wanatua hapa na mbwa wamemfunika kwenye blanketi kama mtoto."

Sentrali alicheka kidogo. Kisha akasikia karatasi zimeacha kufunuliwa. Kwa kazi yake alizijua aina nyingi za ukimya, na huu hakuupenda.

"Kibali cha kuingiza mnyama ni cha siku thelathini," kijana alisema.

"Najua."

"Kimeisha jana."

"Jana nimepanda ndege kikiwa kizima."

"Ni kweli. Kimeisha saa sita usiku."

"Saa sita usiku nilikuwa juu huko."

"Basi kimeishia huko huko angani."

Sentrali alimweleza. Tiketi yake ilikuwa ya Jumatano. Shirika la ndege lilimrudisha kutoka kwenye foleni kwa sababu rubani alitaka barua ya kuthibitisha kwamba mbwa hatabweka, na barua ilipopatikana, nafasi ikawa ya Ijumaa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kibali kipya hutolewa wizarani, ghorofa ya tatu, Jumatatu, na mwombaji huenda mwenyewe. Mpaka hapo mbwa angekaa kwenye banda la karantini.

"Na mimi wizarani nitafikaje?"

"Si utakwenda na…" Alikatisha. "Una watu lakini?"

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, aliyekuwa akisubiri nje kwenye gari la kukodi. "Dada, tumekaa hapa tangu alfajiri. Dereva ananung'unika."

"Mwambie anung'unike polepole. Bado niko ndani."

Mkuu wa zamu alikuja saa tatu, mama mwenye funguo nyingi kiunoni. Alisoma kibali akiwa amesimama. "Mama, sheria haikutungwa jana," alisema. "Ningekuwa na uwezo ningekuachia. Saini hapa kwamba umetukabidhi mnyama." Akasogeza fomu, na juu ya fomu akaweka kidau cha wino. "Dole gumba lako."

"Nipe kalamu. Jina langu naliandika."

"Kwa watu wenye hali kama yako tunatumia dole gumba."

"Hali yangu iko machoni. Mkono hauna neno."

Kalamu ikatafutwa. Sentrali akaishika, lakini hakuandika. Aliomba kwanza apelekwe bandani. Walipita katikati ya makasha ya vifaranga, mbwa akimzungusha kila kona bila kumgusisha kitu. Chumba cha ndani kilikuwa na joto la kufungiwa, feni ikikwaruza pahali pamoja pasipo kutoa upepo. Akapiga magoti, akapima kizimba kwa kiganja kutoka sakafuni hadi juu. Shubiri mbili na nusu. Akampima mbwa begani. Shubiri tatu.

"Hawezi kusimama humu."

"Atalala," mkuu wa zamu alijibu.

"Siku mbili?"

"Vizimba tuliletewa hivyo, mama. Vya ukubwa mwingine tuliagiza mwaka juzi."

Alirudi kitini na fomu ikiwa haijaandikwa kitu. Akatoa simu, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa. Maopereta wa ofisi kubwa hufahamiana kwa sauti bila hata siku moja kuonana, na yule wa wizarani alikuwa zamu. "Sentrali! Umerudi? Zawadi yangu iko wapi?" Aliposikia habari yenyewe, utani ukamwisha. Akamtajia namba ya nyumbani ya mkurugenzi wa vibali, pole pole, mara mbili. "Lakini mimi hunijui," akasema.

Mkurugenzi alipokea akiwa anatafuna, televisheni ikipiga kelele nyuma yake. Hakukasirika. Alisema ni jambo la kusikitisha sana, na kwamba yeye na Sentrali hawawezi kulitatua kwenye simu. "Hebu nipe mkuu wa zamu."

"Ndiyo, mheshimiwa," mkuu wa zamu alisema. "Ndiyo. Ndiyo, mheshimiwa. Nimekuelewa." Akarudisha simu.

"Amesemaje?"

"Amesema utaratibu ufuatwe, ila nitumie busara."

"Sasa busara inasemaje?"

"Busara inataka maandishi, mama. Akiniandikia, nakuachia sasa hivi. Kwa mdomo tu, Jumatatu atasema hakusema."

Sentrali akatia simu mfukoni. Alijua ni kweli.

Mchana mbwa alianza kuhema na kujisogezasogeza. Tangu jana jioni hakuwa amejisaidia. Sentrali aliomba mlango wa nyuma, penye majani, dakika mbili. Mkuu wa zamu alikataa: nje ya mlango ule ni nchini, na mbwa hajaingia nchini. Alipoondoka kwenda kula, afisa mifugo akafungua kabati, akatoa rundo la karatasi, akazitandaza pembeni.

"Gazeti?" Sentrali aliuliza.

"Fomu za kibali. Za zamani, zimeshabadilishwa."

Mbwa alifundishwa asifanye hivyo ndani ya nyumba. Ilibidi Sentrali amwamuru mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. Kijana alikunja karatasi zilizolowa, akazitoa nje, akanawa mikono muda mrefu.

Saa tisa aliletwa askari mwenye kiti cha magurudumu. Askari alisimama mbali.

"Mama, panda tukutoe kwa ndugu zako."

"Miguu yangu haina tatizo."

"Ni amri tu. Huyo… anauma?"

"Yeye hajawahi. Mimi ndiyo sijui."

Afisa mifugo aliguna kuzuia kicheko. Askari akauliza kama kuna kifungu kinachomruhusu kumbeba abiria ambaye pasi yake imeshagongwa muhuri na hajafanya kosa. Mkuu wa zamu hakukijua. Askari akakalia kile kiti mwenyewe kwa dakika kadhaa, kisha akakisukuma akaondoka nacho.

Mkuu wa zamu akavuta pumzi. "Mama, mimi nina watoto shule. Kibali kimekufa, nikakupitisha, nani atanitetea? Utanitetea wewe?"

"Siwezi."

"Basi acha mbwa, uende."

"Hilo nalo siwezi."

Akampigia mdogo wake. Akamwambia amruhusu dereva aende, naye arudi nyumbani. Mdogo wake alianza kulia, halafu akaanza kufoka. "Kazi je, dada? Wakikufukuza kwa ajili ya mbwa?"

"Bila mbwa watanifukuza wiki ijayo. Jumatatu uwahi wizarani kabla hawajafungua, ukawaambie mwombaji yuko uwanja wa ndege, ameshindwa kufika. Wakikataa, waandike kwamba wamekataa. Uniletee hiyo karatasi."

Saa kumi na mbili jioni zamu zilibadilishana. Afisa mifugo alisimama mezani na mwenzake, dada mmoja mwenye mafua, wakikabidhiana daftari.

"Makasha ya vifaranga kumi na mawili," alisoma yule dada. "Mbwa mmoja. Na huyu je?"

"Yuko na mbwa."

"Ana kibali cha kukaa humu?"

"Hana."

"Sasa nimpokee kama nini?"

Kijana alisogeza daftari kwake. Sentrali alisikia kalamu ikigongagonga ukingo wa meza.

"Andika wawili," Sentrali alisema.

Kalamu ilinyamaza. Baadaye ikakwaruza karatasi, kifupi. Kijana alimuaga Sentrali, akamwekea chupa ya maji karibu na mkono, akatoka. Mlango wa ghala ulivutwa, kufuli likabanwa kwa nje.

Sentrali alishuka kutoka kitini, akakaa sakafuni na kuegemea begi lake. Akatafuta kifungo cha mikanda ya kuongozea kifuani mwa mbwa, akakifungua, akaivua na kuilaza kando, kama alivyofundishwa kufanya kila kazi ya siku inapokwisha. Mbwa akajikung'uta mwili mzima, akanywa maji kwenye kiganja chake, akalala kwa kujinyoosha, miguu yote minne ikiwa imeachiwa.