Lafaele Apelekwa Jikoni

Chuo kilipomleta Lafaele ofisini kwetu Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, kwa mafunzo kwa vitendo, nilijua nimetwishwa mzigo. Mwaka wa tatu wa siasa na haki, na mdomo haupumziki. Mimi ni afisa probesheni. Kazi yangu ni kumshauri jaji kama mkosaji afungwe au arudi nyumbani. Lafaele alikuwa na majibu kabla kesi haijafika mezani.

Kesi ya Penitoa ndiyo iliyomtia moto. Kijana huyo alimvunja Iosua mkono katika ugomvi baada ya mechi ya raga. Alfajiri ukoo wake ukaenda kwa kina Iosua, Penitoa akaketi uani amefunikwa mkeka wa heshima, kuomba radhi. Mkeka ukapokewa, ishara kwamba wamesamehewa. Ijumaa jaji angeamua: jela au nyumbani.

"Mama Fuatino, mkeka unaunga mfupa?" Lafaele aliniuliza njiani, tukienda kuwasikiliza walioumizwa.

"Hebu nyamaza, utaniaibisha kwa watu."

Tulipofika kwa kina Iosua, wazee wenye vyeo walinikaribisha mbele ya nyumba, kila mtu ameketi penye nguzo ya cheo chake. Lafaele hana cheo cha ukoo. Mzee mmoja akamwonyesha jiko la nyuma. "Kijana, kawasaidie wenzio chakula."

Alinitazama kana kwamba nimemuuza. Miaka mitatu ya chuo, aende kukuna nazi! Nilicheka kimoyomoyo, sikatai.

Kule mbele hotuba zilikuwa tamu. Wote walisema mambo yamekwisha, nami nikaridhika.

Kwenye gari Lafaele alinuka moshi. "Iosua alikuwa jikoni," akasema. "Nimemkunia nazi, kwa mkono mmoja hawezi."

"Amesamehe?"

"Anasema wazee wamesamehe, yeye hajaulizwa. Jela ya Penitoa haimsaidii kitu. Anataka Penitoa aje amlimie. Shamba lake la magimbi limeliwa na magugu, na mama yake anakula humo humo."

Tulipofika ofisini nikampa kiti changu. "Ripoti iandike wewe, mwanangu."

Ijumaa jaji aliisoma, akavua miwani, akamwuliza Iosua mwenyewe kama ndivyo. Iosua akasimama, akasema ndiyo kwa sauti iliyofika hadi nje. Penitoa akaamriwa kulima shamba lile mpaka mkono upone.

Tulikwenda kukagua. Iosua alikuwa kivulini, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, anaamrisha kama waziri.

"Hilo gugu umeliruka makusudi! Mimi nimevunjika mkono, wewe umevunjika macho?"

Penitoa akacheka, akarudi kuling'oa. Mama yake Iosua akawaletea wote wawili chai ya kakao, na mimi nilifurahi hata nikasahau kumtania Lafaele.

Mafunzo yake yaliisha wiki ile, akarudi chuoni. Siku hizi nikienda kijijini, wazee wakinikaribisha mbele, nawaomba radhi kwanza, nipitie jikoni.