Herufi Iliyohamia Zambia

Jana mchana Zuwena aliota akiwa ameketi kwenye benchi la benki. Ilikuwa siku ya tatu anafuatilia fedha alizotumiwa na mdogo wake aliyeko Muscat, fedha za mama yao kupasuliwa mtoto wa jicho. Kila akija, karani humwambia msimbo wa benki, zile herufi za kuelekeza fedha kutoka nje, zenye TZ ya Tanzania katikati, una hitilafu.

Ndotoni mlango wa nyuma ya kaunta unafunguka. Herufi zimeketi kwa safu, kila moja na kiti chake. Kiti cha sita, kando ya T, kitupu. Fedha zimesimama nje dirishani, zinatetemeka kwa baridi.

"Z yuko wapi?" Zuwena anamuuliza T.

"Kahamia Zambia. Bila yeye mimi si nchi."

Mwishoni mwa safu wamekaa X watatu wenye tai, wakubwa wa makao makuu. Zuwena anawaomba wamrudishe Z.

"Tunalishughulikia," wanasema kwa pamoja. Hakuna anayeinuka.

Hasira zinampanda Zuwena. Anasukuma mlango wa choo, anatokea Lusaka.

Z amekunja nne, anakunywa chai.

"Tanzania mimi ni wa pili," anasema. "Hapa naanza mimi, M ananifuata."

"Mama yangu anapapasa ukuta akitafuta mlango, wewe unagombea kiti cha mbele?"

"Mimi ni herufi, dada. Sina mama."

Zuwena anamdaka mguu, anamburuta. Z anang'ang'ania kizingiti, na ule mguu wa chini unakatika kama kijiti kikavu. Zuwena anautupa, anamkaba shingo, anamrudisha hivyo hivyo na kumkalisha kwenye kiti cha sita. Fedha zinapita mbio, hata asante hazisemi.

Simu ikatetemeka mapajani, Zuwena akazinduka. Ulikuwa ujumbe wa benki:

NDUGU 7UWENA, FEDHA 7AKO 7IMEINGIA.

Akaenda nao kwa karani, pamoja na kitambulisho chake. Karani akausoma, akakigeuza kitambulisho, akausoma tena.

"Fedha zipo, dada. Ila jina halifanani na la kitambulisho."

Zuwena akaweka mkono juu ya kaunta. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Basi niitie meneja," akasema taratibu. "Leo nimeshamburuta mmoja."