Mtoto wa Katibu

Vitumbua vya kwanza viliungua Kokuberwa akiwa amempakata Editha, anamfuta usaha sikioni kwa pamba. Harufu ya moshi ilipomfikia, akavilaani vitumbua na wazazi wa mtoto kwa pumzi moja.

"Tulia, mama. Namalizia."

Editha hakujibu. Siku hizi aliitikia pale tu alipouona mdomo wa mtu. Sikio la kushoto lilianza wakati wa masika, na sasa la kulia nalo lilikuwa linafuata. Nesi wa zahanati aliyaangalia yote mawili, akasema mtoto aje na mzazi, apelekwe hospitali kubwa haraka, la sivyo hatasikia tena. Mzazi! Kokuberwa alikuwa mpangaji tu wa chumba cha uani pale Mabibo, mama wa vitumbua asiye na mtoto wala mume. Huyo mzazi angemtoa wapi?

Maana Benedikto na Anastasia, wenye nyumba na wenye mtoto, walikuwepo bila kuwepo. Baba mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa pale mtaani, mama katibu. Wakitoka kwaya wanaingia novena, wakitoka novena kuna mgonjwa wa kuombewa Manzese, na parokiani nako hakukosi kikao. Editha hakulala njaa hata siku moja, chakula kiliachwa kwenye hotipoti. Ila hakuna aliyekaa karibu naye kiasi cha kuinusa harufu ya yale masikio. Kokuberwa kila alipofungua mdomo alikatizwa. Juzi alimkingia Anastasia njia getini.

"Mama Editha, kuna hili la mtoto..."

"Kiburi chake? Nakijua, Da Koku! Siku hizi ukimwita hageuki. Jamani nimechelewa, wewe liweke kwenye nia Jumamosi, tuliombee."

Akaondoka mbio na rozari yake mkononi. Kokuberwa alibaki ameshika geti, akitamani kulirusha.

Haya, Jumamosi ndiyo hii, na zamu ya kuipokea jumuiya ilikuwa ya nyumba hii hii. Watu walijaa sebuleni asubuhi, viti vya plastiki mpaka barazani. Editha aliketi kizingitini na kitumbua chake, amewapa mgongo. Ulipofika wakati wa maombi, Kokuberwa, ambaye huwa anaombea mvua tu na kukaa, alisimama na unga mikononi.

"Tumwombee mtoto mmoja wa mtaa huu. Masikio yanamtoka usaha tangu masika, anaelekea kuwa kiziwi. Wazazi wake hawana nafasi ya kumpeleka hospitali. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!" wakaitikia, na sauti ya Anastasia ikazipita zote.

Sala ilipokwisha, Anastasia alisimama akijifuta machozi kwa kitenge.

"Wanajumuiya, hili lisiishie kwenye maombi. Wazazi gani hao wasio na huruma? Mie nasema twende leo leo, tukawaambie ukweli."

"Naungana na katibu," alisema Benedikto. "Watu wa namna hii wanatutia aibu. Wanakaa wapi, Da Koku?"

Kokuberwa alikuwa amepanga kulisema hili kwa upole, pembeni, baada ya chai. Upole wenyewe ulikuwa umekwisha.

"Wanakaa humu. Mtoto ni huyo hapo mlangoni."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani. Benedikto aligeukia mlangoni.

"Editha!"

Akaita tena, kwa ile sauti anayosomea waraka kanisani umeme ukikatika. Muuza mchicha aliyekuwa akipita njiani aligeuka. Mtoto alimega kitumbua, akaendelea kula.

Anastasia alipita katikati ya magoti ya watu mpaka kizingitini. Akapiga magoti, akaigeuza ile shingo ndogo, akasogeza nywele. Harufu ikamfikia.

"Mungu wangu. Editha. Tangu lini, mwanangu?"

Akanyoosha ncha ya kitenge amfute. Editha alishtuka, akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Hakulia. Alimtazama mama yake, halafu akamtafuta Kokuberwa kwa macho kule nyuma ya viti, kama anayeuliza iwapo huyu naye anaruhusiwa kumshika.