Kurasa Sita za Bi Ovaline

Katika ofisi ya mbunge, Mheshimiwa Whitlow Prather, pale Pigeon Gap kwenye milima ya mashariki ya Kentucky, simu ilikuwa na namna yake ya kupokewa. Tressa Gayheart aliinyanyua, akasikiliza mpaka mwisho, akasema asante, kisha akaweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili: anaunga mkono, au anapinga. Ijumaa alama zilijumlishwa zikapelekwa Washington, basi.

Ukutani, usawa wa macho yake, ilibandikwa karatasi ya misimamo ya Mheshimiwa, maana mpiga simu akiuliza jambo ni lazima ajibiwe kwa maneno yale yale. Kuhusu afya: mgonjwa na daktari wake waachwe waamue, serikali kuu iondoe mkono wake. Kuhusu ugumu wa maisha: bei ya mayai na petroli ni kodi ambayo hakuna aliyeipigia kura. Kuhusu serikali kuu yenyewe: Washington haiijui milima yetu. Tressa alikuwa na miaka minne kwenye kiti kile, na maneno hayo angeweza kuyasema huku anapaka mkate siagi.

Kila Jumatatu asubuhi alipiga Bi Ovaline Slone. Huyu alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini. Watoto wote wa bonde lile wamekula maharage yake, na Tressa mmojawapo. Alianza na salamu, akauliza miguu ya mama yake Tressa inaendeleaje, halafu akamshukia Mheshimiwa. Alizungumza vipande vipande, akivuta pumzi katikati kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kura yake bungeni ya kuinyima zahanati fedha. Hotuba yake ya mayai, mtu ambaye hajui hata trei moja ina mayai mangapi. Dakika ishirini, ishirini na tano. Tressa alisikiliza, akashukuru, akaweka alama: anapinga.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti aliyekuja ni mumewe, Burl Slone, mchimba makaa wa zamani. Aliingia kofia mkononi, akaweka karatasi juu ya meza na kuisukuma kwa kidole kama mtu anayelipa faini.

"Haya binti, nimejaza yote. Kazi kwenu."

Shida yenyewe Tressa alishaisikia. Bi Ovaline aliishi kwa mashine ya hewa. Mashine ilikuwa ya kampuni, na kampuni ililipwa na bima ya wazee ya serikali kuu. Sasa bima imeandika kwamba haioni kipimo cha daktari cha mwaka huu, kwa hiyo hailipi tena. Kipimo kilifanywa mwezi wa Machi, lakini zahanati iliyokifanya ilifungwa wiki mbili baadaye na simu zake hazina mtu. Kampuni imesema Ijumaa saa sita mchana itakuja kuchukua mashine yake. Burl alikuwa amepiga simu bima kwa wiki tatu, na kila aliyempata alimpeleka kwa mwingine.

Mtu akikwama hivyo, ofisi ya mbunge huweza kuandika barua ya kuulizia. Barua ya mbunge haipangi foleni. Ina meza yake na mtu wake, na hujibiwa kwa siku moja au mbili. Ila yahitajika karatasi ya ruhusa, aliyoisaini mwenyewe anayehusika. Bila hiyo hakuna mtu wa serikali atakayefungua kinywa.

Tressa alitazama chini ya karatasi. Saini ilikuwa ya herufi kubwa nene, zilizokandamizwa kama zile wanazoandika watu kwenye mlango wa banda.

"Mzee Burl, hii umesaini wewe."

"Mimi na yeye si kitu kimoja? Miaka arobaini na sita namsainia. Kodi nasaini mimi, gari nasaini mimi, hata kadi za Krismasi."

"Hii sheria inataka mkono wake mwenyewe."

"Mkono upo," Burl alisema. "Usiotaka ni mdomo. Anasema heri azimike kama taa kuliko kumwandikia yule bwana neno naomba. Mimi nimelala naye chumba kimoja usiku na hasira zake, wewe unaniambia sheria!"

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ya Lyle Fugate, mkuu wa ofisi. "Mwambie asaini yaishe, Burl. Hatumwambii ampende."

"Njoo umwambie wewe, Lyle. Nitakushikia koti mkipigana."

Lyle hakutoka.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Tressa alipanda na gari lake mpaka kwa akina Slone, karatasi mpya kwenye kiti cha pembeni. Alimkuta Bi Ovaline jikoni, bakuli la maharage mabichi mapajani, anayavunja na kuyatoa nyuzi. Mpira wa hewa ulitoka puani ukapita chini ya kiti na kuvuka sakafu mpaka kwenye mashine iliyonguruma pembeni ya jokofu. Burl aliuruka ule mpira bila kuuangalia kila alipopita.

"Kama umeletwa na ile karatasi, iache garini," Bi Ovaline alisema. "Kama umekuja mwenyewe, chukua kisu kile."

Tressa alichukua kisu, akakaa, akaanza na maharage. Hakuwa mtu wa haraka. Walifanya kazi mpaka nusu ya bakuli bila kuitaja karatasi.

"Nimekuwa nikimsema yule mtu tangu achaguliwe," Bi Ovaline alisema mwishowe. "Leo nigeuke niseme Mheshimiwa nisaidie? Atacheka."

"Hatacheka, mama. Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui unayosema."

Bi Ovaline akasimamisha mikono. "Si ninakwambia wewe? Kila Jumatatu? Wewe huandika?"

Tressa angeweza kudanganya. Aliutazama uzi wa harage ulioshikana na kidole chake. "Naandika kwamba unapinga."

"Halafu?"

"Basi. Kuna visanduku viwili. Naweka alama kwenye kimoja."

"Yote yale? Zahanati? Mayai? Yule mtoto wa Caudill aliyezaliwa ndani ya gari barabarani?"

"Hayana mahali pa kuandikwa, mama."

Mashine ilinguruma. Burl, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipata kazi ya ghafla nje akaondoka. Bi Ovaline hakukasirika kama Tressa alivyotegemea. Alivuta pumzi tatu, nne, akiangalia dirishani, kama mpishi aliyeambiwa kwamba miaka yote chakula chake kilikuwa kikimwagwa nyuma ya jengo.

"Na hiyo karatasi yako," aliuliza baadaye. "Ile ina visanduku vingapi?"

"Ile haina. Ile ina sehemu ya kueleza."

"Kubwa?"

"Mistari sita. Lakini imeandikwa chini kwamba ukitaka unaongeza kurasa."

"Na zikiongezwa zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda bima pamoja na barua ya Mheshimiwa. Hatuna ruhusa ya kugusa maneno ya mtu. Ya kwake yanakwenda kama alivyoandika."

"Chini ya jina lake Prather."

"Chini ya jina lake. Na nembo."

Bi Ovaline alimpa Tressa bakuli lote. "Kailete."

Aliandika kuanzia saa saba mpaka saa kumi na robo, kwa mwandiko ule wa kulala aliokuwa akiandikia orodha za chakula ubaoni. Alianza na mashine, maana ndiyo iliyokuwa ikichukuliwa: tarehe ya kipimo, jina la daktari, siku zahanati ilipofungwa. Kutoka hapo akauliza kwa nini ilifungwa, akajijibu, na hapo ndipo kurasa zilipoanza kuongezeka. Mheshimiwa anasema mgonjwa na daktari wake waachwe waamue; yeye anauliza daktari yupi, maana aliyekuwapo kaondoka na vitanda. Kuhusu mayai aliandika ukurasa mzima. Tressa alimaliza maharage, akaosha bakuli, akampigia Lyle kwamba gari lina matatizo.

Alipomaliza, Bi Ovaline hakusaini kwenye karatasi yenyewe. Kwenye mstari wa saini aliandika: tazama ukurasa wa sita. Akasaini kule, chini kabisa, baada ya neno la mwisho, mahali ambapo mkasi usingepata pa kupita.

Lyle Fugate alizisoma asubuhi ya Alhamisi amesimama. Katikati ya ukurasa wa pili akakaa.

"Huu wa kwanza unatosha," alisema. "Una kila kitu. Tuma huu."

"Saini iko kwenye wa sita."

"Mrudie basi asaini kwenye mstari."

"Nilimwomba. Kasema mstari ule ni mfupi."

"Tressa, unajua ukurasa wa nne amemwita nini?"

"Sijasoma. Nilikuwa navunja maharage."

Lyle alizunguka chumba. Alimpigia mwenzake wa Washington, akaongea kwa sauti ya chini, akasikiliza zaidi kuliko alivyoongea. Kule waliuliza swali moja tu: mashine ikichukuliwa, na ikajulikana kwamba karatasi yenye saini ilikuwa mezani kwetu, tutasema nini? Akakata simu.

"Tuma," alisema. "Zote. Halafu funga mlango."

Barua ya juu ilikuwa ile ile ya siku zote, hubadilishwa jina tu. Ilisema Mheshimiwa anawasilisha kwa heshima maelezo ya mpiga kura wake, na anaomba yapewe uzito unaostahili. Tressa aliipitisha kwenye faksi, na kurasa saba zikafuata, karatasi ya ruhusa na zile sita, polepole, moja baada ya nyingine.

Alhamisi ikapita kimya.

Ijumaa Tressa aliomba ruhusa ya mchana akapanda tena mlimani, simu ya kazi mfukoni. Gari la kampuni lilikuwa limeshafika. Dereva, mtu mnene mpole aitwaye Delmer, alikuwa amesimama jikoni na kigari cha kubebea mizigo. Burl alikuwa ameketi juu ya mashine.

"Mzee, mimi natumwa tu," Delmer alisema.

"Na mimi nimekaa tu."

"Naacha mtungi mdogo. Una hewa ya saa mbili, labda tatu akikaa kitako."

"Huyu? Akae kitako? Humjui."

"Burl, shuka hapo," Bi Ovaline alisema. "Utaivunja halafu tulipe." Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Midomo yake ilikuwa na ubuluu ambao Tressa hakuupenda. "Mpe bwana Delmer mkate wa mahindi. Saa sita haijafika."

Ilibaki robo saa. Delmer alikula akitazama saa ya ukutani, akaongezewa, akala. Saa sita ikafika ikapita. Akajifuta mikono, akainama kwenye plagi, na Burl akasimama. Si kwamba alimpisha. Alisimama tu, mikono yake mirefu ikining'inia, na hakuna aliyejua inaelekea wapi.

Simu ya Tressa ikalia.

Alikuwa mwanamke wa ofisi ya bima, mwenye sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kile kile tangu asubuhi. "Ofisi ya Mheshimiwa Prather? Kipimo cha Slone nimekipata. Kililetwa hapa tangu Machi, ila namba ya zahanati ilipofungwa kikakosa pa kuwekwa. Nimekiweka. Malipo yanaendelea, kampuni nimeshaiandikia."

Tressa akamgeukia Delmer, na Delmer naye akawa anaitoa simu yake, akasoma, akaachia plagi.

"Lakini usikate," yule mwanamke aliendelea. "Kila kilichokuja na barua ya mbunge natakiwa nikiingize kwenye faili, neno kwa neno. Nimefika ukurasa wa nne, kuna mahali mwandiko unanishinda. Mstari wa tisa. Mwenyewe yupo?"

Tressa akaweka simu mezani, sauti juu.

"Nisomee yaliyo kabla yake," Bi Ovaline alisema.

"Umeandika, 'na mbele ya watu nitamwambia kuwa ni', halafu neno."

"Mnafiki."

"Ahaa. Mnafiki." Vikasikika vidole vikigonga. "Asante. Na huu mshale unaokwenda pembeni?"

"Huo unaendelea nyuma ya karatasi."

Ikasikika karatasi ikipinduliwa. "Nyuma hakukuja, mama. Faksi inachukua mbele tu."

Bi Ovaline alivuta kiti karibu na simu, akaurekebisha mpira wa hewa nyuma ya masikio. "Una kalamu?" aliuliza. "Andika." Na yule mwanamke akaandika. Delmer alitoka na kigari chake kitupu akinyata, kama mtu anayeondoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha.

Wiki iliyofuata Lyle alimwita Tressa. Washington wameipenda habari: bibi wa milimani, serikali kuu imempoteza kwenye makaratasi yake, Mheshimiwa ameingilia kati na mashine imebaki. Ndiyo hasa anayoyasema kila siku. Wanataka kuitia kwenye jarida la mwezi linalotumwa kwa wapiga kura, na picha yake akiwa amesimama na bibi mwenyewe. Inahitajika ruhusa tu.

Tressa akapanda na karatasi nyingine. Bi Ovaline aliisoma mara mbili, mbele na nyuma.

"Waandike," alisema. "Ila waweke na zangu. Zote sita, na ile ya nyuma."

Tressa akarudisha jibu hilo kama alivyopewa, na Lyle akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, na hakulizungumzia tena.

Jarida likatoka mwisho wa mwezi. Ukurasa wa mbele alikuwapo Mheshimiwa kwenye kituo cha petroli, ameshika bomba, na chini yake msimamo wake kuhusu bei; bibi wa milimani hakuwamo. Kwa akina Slone liliingia na posta ya Jumamosi. Bi Ovaline alilitandaza mezani, akaliangalia, akavuta pumzi, akaanza kumenyea viazi juu yake.