Mstari wa Marehemu Fundi

Udongo wa kaburi la fundi viatu ulikuwa haujakauka pale mdogo wake alipokuja sokoni na kukalia kigoda chake. Soko lenyewe lilikuwa la wazi, viatu vimetandazwa juu ya maturubai toka barabarani hadi ukutani, mikanda na mikoba ikining'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Meza ya marehemu ilikuwa katikati. Binti yake ndiye aliyekuwa akimkatia ngozi tangu alipoacha shule darasa la tano.

Baba mdogo alimnyang'anya kisu mkononi. Akamwambia, watu wakisikia, "Kukata ngozi si kazi ya mtoto wa kike. Wewe kaa pale chini upige rangi."

Binti hakuwa msemaji. Alikaa chini miezi saba, vidole vyeusi hadi kwenye kucha, na neno lile likakaa moyoni kama msumari uliotokeza ndani ya kiatu.

Miezi yote hiyo baba mdogo alikata viraka vya viatu vikuukuu tu. Ndipo mwalimu wa kwaya akaagiza viatu vya wanakwaya wake wote thelathini. Baba mdogo akatoa makaratasi magumu ya marehemu yenye michoro ya kila saizi, akaitandaza ngozi. Mafundi wote wa soko lile hukata juu ya mstari. Marehemu peke yake alichora mguu ulivyo, kisha akakata nje ya mstari, nusu ya upana wa kidole gumba, apate ngozi ya kukunjia. Hakuandika popote. Mkono wa binti ndio uliojua.

Baba mdogo alisita, kisu kikiwa juu ya ngozi. "We mtoto, baba yako alikuwa anakatia hapa hapa?"

Brashi ya binti haikusimama. "Si mimi ni wa kupiga rangi, baba mdogo? Mambo ya kukata nayajulia wapi?"

Muuza mikanda wa meza ya pili akaguna kwa kicheko. Baba mdogo akaona haya kuuliza tena, akakata. Kila mkato ulimshuka binti kama maji baridi kooni.

Jumamosi wanakwaya walikuja kuvijaribu. Visigino vilibaki nje. Mwimbaji mmoja mnene akalazimisha, mshono ukaachia, na muuza mikanda akauliza kama kwaya hiyo ni ya watoto wachanga. Soko likaangua kicheko. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Alisema alifuata viatu vya marehemu, na kama hakuna wa kuvishona, aelekezwe meza nyingine.

Binti akainuka. Akachukua kisu na kipande cha ngozi kilichochorwa, akakata taratibu, nje ya mstari.

Baba mdogo alitazama, uso ukamwiva. "Kumbe ulijua."

"Nilijua. Naomba kigoda."

Watu walikuwa wakitazama. Baba mdogo akampisha. Binti alikaa, akajiweka sawa, kisha akalisukuma kopo la rangi kwa mguu.

"Brashi iko humo, baba mdogo. Anza na vyeusi."